Bahasha kwenye Simu ya Mama Kulwa

Mayu,

Shikamoo. Najiitikia mwenyewe marahaba, maana tangu tukulaze pale nyuma ya kanisa hakuna anayeniitikia kwa kuvuta kama wewe: "Marahabaaa, Doto." Ndiyo, ni mimi Doto. Nasema mapema usije ukadhani ni Kulwa, kwa kuwa hata mwandiko tunafanana, na habari za nyumbani kila mtu hutegemea azilete yeye.

Nimefanya jambo baya, Mama. Kulwa bado hajui. Nimeona nianze kwako.

Ulianguka mwaloni kwa wachimba dhahabu mwezi wa sita, upawa ukiwa mkononi, wiki chache baada ya sisi kumaliza mtihani wa kidato cha sita. Presha, walisema. Hukuyaona matokeo. Yalitoka mwezi uliofuata: Kulwa daraja la kwanza, mimi la pili. Watu waliokuja kutupa pole ya msiba wakageuka hapohapo kutupa hongera, na wote walianza kwake. "Hongera, Kulwa! Na wewe Doto, hongera." Na wewe. Hilo "na wewe" nimelisikia tangu nazaliwa. Dakika ishirini tu alinitangulia kutoka tumboni mwako, na mpaka leo sijamfikia.

Si kwamba wewe ulitubagua. Kwa mambo ya mapacha ulikuwa mkali kuliko bibi zetu wa Mhunze. Khanga ikinunuliwa, ni mbili. Tikiti ukilipasua, mkono wa kulia na wa kushoto inatoka pamoja, asitangulie mtu. Kulwa akiugua malaria, na mimi nameza dawa. Unakumbuka tulipokuwa darasa la tatu, nikakataa, nikakwambia sina homa, kidonge kichungu namezea nini? Ukanibana pua. "Pacha mmoja hatibiwi peke yake," ukasema, "mwingine atabaki nao." Nikatapika uani, na Kulwa, mgonjwa mwenyewe, ndiye aliyeniletea maji.

Kitu kimoja tu hukuweza kukigawa, nacho ni jina lako. Huku kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo Kharumwa nzima, sokoni mpaka kanisani, ulikuwa Mama Kulwa. Mama Kulwa, mwangaluka, umeamkaje. Mama Kulwa, sahani mbili. Nilikuwa na miaka minane nilipogoma kula kwa ajili hiyo. Nilikwenda kukaa nyuma ya banda la kuku, ukanifuata, nikakuuliza, "Na mimi mama yangu ni nani?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukaona mimi sicheki, ukachutama, ukanipangusa kamasi kwa pindo la khanga. "Basi usilie. Hilo nitalitafutia dawa." Nikaisubiri hiyo dawa, wee! Sikuiona. Nikajua umesahau, kama watu wazima wanavyosahau.

Tulipokua ukaanza kulisha mialo miwili, zile sehemu wachimbaji wanakosagia na kuoshea mawe yao ya dhahabu. Mwalo wa Chini nilipeleka chakula mimi. Mwalo wa Juu alipeleka Kulwa. Kila likizo nilikuomba tubadilishane, na kila likizo ulinijibu, "Kila mtu na njia yake." Mimi nilijua tu kwamba huko juu ndiko kuzuri, ndiyo maana kapewa yeye. Kule chini kwangu ilikuwa Mama Kulwa, Mama Kulwa, mpaka ndoo inakwisha.

Sasa sikia habari za chuo. Tulikwenda kuomba kwa Kaka Masanja, yule wa steshenari karibu na stendi, mwenye kompyuta mbili na feni isiyozunguka. Kulwa akachagua uuguzi, vyuo vitatu. Masanja akanigeukia, "Na wewe, Doto?" Mwalimu wetu alishatuonya: mwenye daraja la pili asirundike chaguo zake zote kwenye kozi inayogombaniwa, atawanye. Nililijua hilo vizuri. Lakini Mama Mdogo, mdogo wako anayetulea sasa, alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Akasema, "Mapacha hawaachanishwi. Mwekee kama za mwenzake." Nami sikubisha. Unajua kwa nini? Wala si mila. Nilitaka anachotaka Kulwa. Angechagua kwenda kuponda kokoto, ningeomba kokoto zilezile. Namba ya simu tukajaza yako sote wawili, kwa kuwa ndiyo simu iliyokuwepo nyumbani.

Majina ya awamu ya kwanza yakatoka. Kulwa kachaguliwa vyuo viwili, Dodoma na Mwanza. Mimi hakuna. Masanja alitafuta namba yangu ya mtihani mara tatu, akapandisha, akashusha, akafuta kioo kwa kiganja kana kwamba jina langu limefunikwa na vumbi. "Kuna awamu ya pili," akasema bila kunitazama. Mtu mmoja ana viti viwili, mwenzake amesimama! Nisikufiche, Mama, nilimchukia. Nilimwona anavyojizuia asifurahi mbele yangu, anauma mdomo, anatazama chini, na kule kujizuia ndiko kulikoniudhi zaidi. Afadhali angerukaruka nikapata sababu ya kumtukana.

Wiki hiyohiyo Mjomba akaja kutoka Mhunze na mabegi mawili ya magurudumu, ya bluu, yanafanana mpaka zipu. Kulwa huwezi kumpa kitu bila kumpa Doto, hilo analijua hata mlevi. "Hili la Kulwa, la kwendea chuo," akasema. Akalitazama lile jingine. "Na hili la Doto." La Doto la kwendea wapi? Hakusema. Nikapiga goti, nikasema wabeja, Mjomba, nikaliburuta chini ya kitanda. Magurudumu yalipiga kelele njia nzima kwenye sakafu, na watu wote sebuleni wakajifanya hawasikii.

Basi hapo ndipo kijiba cha roho kiliponikaa sawasawa.

Simu yako ninayo mimi. Baada ya mazishi Kulwa alishindwa hata kuigusa. Alinipa kile kitochi chako chenye mpira wa kushikilia betri, akaniambia, "Kaa nacho wewe. Ila usifute kitu cha Mama humo, hata kimoja." Nikaapa. Sasa utaratibu ni huu: aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakokwenda, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoijaza. Siku zikiisha hajathibitisha, nafasi anapewa mwingine. Kila asubuhi Kulwa alinijia, "Meseji haijaingia?" Namjibu, "Haijaingia."

Na kweli ilikuwa haijaingia. Simu yako ilikuwa imejaa, Mama. Wewe hukufuta meseji hata ya mtu aliyekosea namba. Na kitochi kikijaa kinaweka bahasha ndogo juu ya kioo, inapepesa, inapepesa, maana yake kuna ujumbe uko mlangoni na hauna pa kukaa. Niliiona siku ya kwanza. Nilijua ni nani anabisha hodi. Ningefuta moja tu, ingeingia. Lakini si niliapa? Si Kulwa mwenyewe aliniambia nisifute? Ona nilivyokuwa fundi. Nilijiambia nalinda vitu vya marehemu. Tena nilijiambia, na hili ndilo linanitia aibu kuliko yote, kwamba Kulwa akikosa tutabaki nyumbani wote wawili, sawa kwa sawa, na si ndivyo ulivyotulea? Kidonge kwake, kidonge kwangu.

Siku ya pili, siku ya tatu. Masanja akaomba namba itumwe tena. Ikatumwa, bahasha ikapepesa. "Mtandao umezidiwa," akasema, "subirini." Kulwa akaacha kula vizuri. Hakunilaumu. Ndiyo kwanza akaanza kunifariji mimi! Alikuwa anapepeta mchele, akasema, "Labda Mungu hataki niende bila wewe." Na simu iko kiunoni kwangu, nimeifunga kwenye khanga, naisikia inavyonigusa. Roho ya kwa nini haina haya, Mama. Nilimjibu, "Labda."

Siku ya mwisho, mchana, nikaenda kukaa nyuma ya banda la kuku, palepale. Sikwenda kufuta. Nilikukumbuka tu, nikafungua meseji zako nisome, angalau nikusikie kwa midomo ya wateja. "Mama Kulwa leo tuko wanane." "Mama Kulwa maharage ya jana chumvi ilizidi." "Mama Kulwa tumepata, lete kuku." Hata humu! Hata kwenye simu ya marehemu nimezibwa! Nilikuwa nazishusha kwa hasira, nabonyeza kama naua kunguni, mpaka nikakutana na hii:

"Mama Doto leo tuko kumi na mbili huku juu usisahau pilipili."

Nikairudia. Nikasema kakosea huyu. Nikashuka ya chini yake. "Mama Doto pole na mvua." Nyingine: "Mama Doto mpe pole Doto kajikwaa kilimani na ndoo." Mimi sijawahi kujikwaa kilimani na ndoo. Zilikuwa nyingi, Mama, namba mbalimbali, watu mbalimbali, na wote wa Mwalo wa Juu. Nilikaa pale mpaka kuku wakaanza kunidonoa kandambili.

Kumbe ile dawa uliitafuta. Kumbe Mwalo wa Juu ulipofunguka, na wachimbaji wageni wasiokujua, ulipanda ukajitambulisha kwa jina langu, na chakula ukampa Kulwa apeleke. Na mimi niliyekuwa nalilia jina ukanipeleka chini. Mwanzoni sikuelewa, nikakasirika upya: umenipa kitu halafu umenificha? Halafu nikakumbuka ulivyonibana pua. Pacha mmoja hatibiwi peke yake. Mimi chini nisikie jina lake, yeye juu asikie langu. Kumbe miaka yote hiyo kidonge changu alikuwa anakimeza Kulwa, na hakuwahi kuniambia ni kichungu.

Nikafuta ile ya maharage na chumvi. Samahani, nilifikiri hata wewe usingeililia. Haikupita hata dakika, simu ikalia. Namba ya siri ya Kulwa hiyo hapo.

Nilikimbia, Mama, nilikimbia na kandambili moja. Nikamkuta anafua. "Imeingia sasa hivi!" nikamwambia. Na ilikuwa kweli imeingia sasa hivi, na ndiyo maana naona ni uongo mbaya kuliko ule wa kawaida. Alinikumbatia na povu lake la sabuni. Kwa Masanja mtandao ukasumbua, ukurasa ukagoma, Kulwa akawa anasali kwa sauti mbele za watu. Ulipofunguka, Masanja akamuuliza, "Dodoma au Mwanza?" Sote tulijua kile cha Dodoma ndicho alichokiota tangu kidato cha tano. Akasema, "Mwanza. Niwe karibu na Doto." Hata hapo! Hata kwenye siku yake kanikatia kipande. Nikatoka nje nikajifanya natema mate.

Jioni hiyo nikamuuliza, "Hivi huko Mwalo wa Juu Mama walimwitaje?" Akanitazama kidogo, akacheka kicheko kifupi. "Siku moja nenda mwenyewe ukasikie." Hakusema zaidi, nami sikuuliza, maana ningeuliza zaidi ningejikuta nasema ya bahasha.

Awamu ya pili niliomba uuguzi tena. Ndiyo, tena. Kichwa kigumu nimekirithi kwako. Nikakosa tena. Ya tatu nilikwenda peke yangu, bila Mama Mdogo na bila Kulwa. Masanja akauliza, "Kama za mwenzako?" Nikasema hapana. Nikaomba sayansi ya chakula na lishe. Najua unacheka huko uliko. Mtu akae darasani miaka mitatu anasomea ugali! Lakini nilipokuwa naichagua, kwa mara ya kwanza sikumwona Kulwa kichwani mwangu. Nilikuona wewe unaonja maharage kwenye kiganja. Majibu bado hayajatoka. Kila siku napita kwa Masanja, ananiona kwa mbali, anatikisa kichwa kabla sijavuka barabara.

Kulwa ameondoka wiki iliyopita. Nilimkokotea begi lake mpaka stendi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Basi lilipong'oa nanga nilitamani lipate pancha. Pancha tu, si ajali, Mungu anisamehe. Nilirudi nyumbani nikalala upande wake wa kitanda na viatu miguuni, halafu nikalia kwa sababu mto ulikuwa na harufu ya mafuta yake.

Na kwa kuwa hayupo, Mwalo wa Juu sasa nakwenda mimi. Mama Mdogo ameshika upawa wako, chakula kinaendelea. Siku ya kwanza nilipanda kile kilima na ndoo kichwani. Kabla sijafika, karasha la kusagia mawe bado linanguruma, nikasikia, "Doto! Karibu Doto! Leo umechelewa, Doto!" Watu ambao sijawaona maishani mwangu. Wote wananijua. Hakuna aliyeanza na mwingine halafu akasema na wewe. Nilitembea katikati yao kama bibi harusi. Niliwapakulia ugali kwa raha.

Mzee mmoja wao, anayeendesha karasha, akalizima ili asikike. Akajipangusa vumbi usoni, akasema, "Doto mwanangu, tumesikia umepata chuo. Hongera sana. Mama Doto angekuwepo leo angecheza." Wakapiga makofi. Wachimbaji wakubwa wazima, wameweka nyundo chini, wananipigia makofi mimi.

Niliitaka ile hongera, Mama. Niliitaka mpaka mate yakanijaa. Nani angejua? Ilikuwa imekuja yenyewe, kwa jina langu, mpaka mlangoni.

Nikasema, "Si mimi, Mzee. Aliyepata ni Kulwa."

Wakatazamana. Yule mzee akavua kofia. "Kulwa? Kulwa yupo hai?"

Ndipo nikajua. Wao ni Wasukuma, Mama, wanajua Doto hazaliwi bila Kulwa, na mwanamke mwenye Kulwa haitwi Mama Doto. Uliposema wewe ni Mama Doto, walijua Kulwa wako alikufa. Kwa heshima hawakukuuliza. Miaka yote hiyo walikuwa wanamwonea huruma yule binti anayepanda na ndoo, pacha aliyebaki peke yake. Wenyewe waliniambia walikuwa wanampa pole, na mara nyingine wanamtilia mhindi wa kuchoma kwenye ndoo tupu. Na yeye alikuwa anapokea pole ya kifo chake mwenyewe, anasema asante, anashuka kilima, anakuja kugawana na mimi ule mhindi. Nilikuwa naula. Nilikuwa namuuliza mbona huko juu wanawapa vitu na huku chini hatupewi, na nanuna.

"Yupo," nikawaambia. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Yupo hai, ni mzima, yuko Mwanza, anasomea uuguzi. Ndiye aliyekuwa anawaletea chakula. Doto ni mimi."

Yule mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa vumbi. "Mama Doto huyu! Kutufanya tulie bure!" Akarudisha kofia. "Basi mfikishie Kulwa hongera zake. Na wewe Doto, karibu." Mara hii sikununa.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Kulwa akipiga simu akaniambia kuhusu bweni lao na makoti meupe, kitu kinanikwaruza hapa kifuani mpaka namkatisha, nasema salio linaisha na aliyepiga ni yeye. Nikisikia mtu sokoni anasema "mtoto wa Mama Kulwa yuko chuo," nageuza njia. Namwonea wivu, Mama. Lakini kusema yupo hai mbele ya watu waliokwishamzika, lile lilinitoka lenyewe, sikulitafuta, na tangu siku hiyo siwezi kuitazama simu yako bila kuona siku tatu nilizokaa na ile bahasha.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumapili Kulwa akipiga, nitamwambia ya bahasha kabla hata hatujasalimiana. Akitaka kukata, akate. Akitaka kunitukana, nitasikiliza mpaka mwisho. Na majibu yangu yakija, mazuri au mabaya, nitayafungua siku hiyohiyo, na wa kwanza kujua atakuwa yeye. Lile begi la bluu nimelitoa chini ya kitanda, nimelifuta vumbi. Halina kitu bado.

Pumzika, Mayu. Usinihangaikie sana, uhangaikie kidogo tu.

Leo simu ilikuwa imejaa tena, nikafuta meseji moja kuacha nafasi ya majibu yangu. Ile ya kwanza, ya maharage, ilikuwa ya Mama Kulwa. Hii nimefuta ya Mama Doto, ile ya pole na mvua, ili muwe sawa.

Ni mimi, mwanao,
Doto